Mwago wa Saa Nne

Mtaa wetu una mavi kama mtaa mwingine wowote duniani. Tofauti ni kwamba ya kwetu tunayasukuma wenyewe.

Nasema hivi mapema ili mwenye pua nyepesi aishie hapa. Mimi ni fundi bomba. Shule niliiacha darasa la sita nikaingia mtaroni na baba yangu, na tangu siku hiyo nimezibua vyoo vya mahakimu, vya madaktari na vya matajiri wenye walinzi wawili getini. Sijaona hata kimoja kinachonukia marashi.

Mtaa upo nyuma ya kiwanda cha magunia, pale lami inapoishia. Kiwanda chenyewe kilikufa zamani, limebaki bomba la moshi lililopinda kidogo na ukuta wenye majina ya wapenzi waliokwisha kuachana. Nyumba zetu zimeteremka na kilima, mistari miwili inayopeana migongo kama mke na mume walionuniana kitandani. Kila nyumba ina ua wa nyuma, na bomba la maji machafu linapita humo uani, nyumba hadi nyumba, kutoka juu mpaka bomba kuu la mji kule chini.

Bomba hilo wazee wetu walilichimba wenyewe. Walikuwa vibarua wa kiwanda, wakapewa viwanja, wakajenga. Walipoomba manispaa iwaletee bomba waliambiwa makazi yao ni ya muda. Wakajibu sawa, wakasubiri likizo ya wiki mbili, wakashika sururu. Kundi moja lilianza juu, likiongozwa na baba yangu. Kundi la pili lilianza chini, likiongozwa na mshona magunia mmoja aliyejisifu kwamba jicho lake halihitaji kipimo. Walikutana katikati Jumapili mchana, na kazini walitakiwa Jumatatu alfajiri. Hapo ndipo walipoona kwamba bomba la juu limefika chini zaidi kuliko bomba la chini, kwa shibiri moja nzima.

Nani angechimba upya? Walitia kiwiko, wakaunganisha, wakafukia, wakaenda kuoga. Baba aliapa mpaka anakata roho kwamba kosa lilikuwa la mshona magunia. Baada ya mazishi nilipima mwenyewe. Kosa lilikuwa la baba.

Kwa hiyo katikati ya mtaa bomba letu lina tumbo. Maji yakifika pale lazima yapande shibiri moja ndipo yaendelee. Maji yanaweza. Vingine haviwezi, vinalala. Vikilala wiki tatu, bomba linaziba, na nyumba ya kwanza kufurika ni ile iliyo juu tu ya tumbo. Nyumba hiyo ni ya shangazi yangu.

Dawa aliigundua shangazi mwenyewe, wakati huo msichana wa miaka ishirini. Aliona kwamba kila Jumamosi honi ya kiwanda ikilia saa nne asubuhi, akina mama wengi hukata shughuli na kumwaga maji ya kufulia, na siku hiyo ua wake unakauka. Akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia, "Mwageni kwa pamoja, acheni uchoyo wa dakika." Maji ya nyumba moja moja yanapita juu ya uchafu yakienda zake. Maji ya nyumba zote kwa mpigo yanaubeba. Ikawa sheria. Honi ilipokufa pamoja na kiwanda, baba alitundika kipande cha reli kwenye mti wa umeme karibu na nyumba ya shangazi. Pigo la kwanza, beba. La pili, inua. La tatu, mwaga. Ndoo mbili kila nyumba.

Tunauita mwago. Ukisimama uani wakati ule unasikia chini ya nyayo kama mvua inapita ardhini. Halafu watu hawaingii ndani. Wanabaki wameegemea kuta na ndoo tupu mkononi, wanaulizana nani mgonjwa, nani kahama, nani kaonekana na nani. Mke wangu nilimpata kwenye mwago. Nilimwona akiinua ndoo mbili, moja kila mkono, bila kukunja uso, nikasema huyu hata akinipiga nitavumilia.

Basi, miaka mitatu iliyopita akaja Bwana Geti.

Alinunua nyumba inayofuata ile ya shangazi upande wa chini, akaibomoa, akapandisha ghorofa. Ua wa nyuma aliutandika matofali ya saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Mbele akaweka geti la bati nene, jeusi, lenye nakshi za rangi ya dhahabu, refu kuliko paa la shangazi. Kila jioni likifungwa linatoa mshindo unaosikika mpaka nyumba ya mwisho kule juu. Watoto wakilisikia wanajua ni saa ya kuoga. Ndiyo maana tukampa jina hilo. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji tukaanza kuumwa.

Uenyekiti wa kamati ya mtaa aliupata kirahisi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka, na kwa sababu alikuwa na mashine ya kuchapa karatasi nyumbani. Matangazo yakawa yanabandikwa kila wiki. Yote yalikuwa na mstari mweusi pembeni, mashine yake ilikuwa inachafua karatasi na hakujali kuisafisha. Kushoto, kutoka juu hadi chini, kama kovu.

Kwenye mkutano wake wa kwanza alisimama na kusema, "Jamani, mnajua huko mjini wanatuitaje? Mtaa wa Ndoo."

"Na wewe wanakuitaje?" akauliza shangazi kutoka kiti cha nyuma.

Watu walicheka mpaka kinyozi akadondosha soda yake. Bwana Geti hakucheka. Alingoja kimya kirudi, akasema hatuwezi kuwa wastaarabu huku tunagonga vyuma na kutangaza haja zetu kwa majirani. Mtu mwenye pesa zake hawezi kununua nyumba mahali kama hapo. Viwanja vyetu vinakosa thamani.

"Mimi kiwanja changu siuzi," shangazi akasema. "Thamani ya nini?"

Jumatatu iliyofuata reli haikuwepo mtini. Palikuwa na karatasi: *Ni marufuku kugonga chuma chochote ndani ya mtaa. Kifaa kimehifadhiwa na kamati.* Kamati maana yake chumba cha gari cha Bwana Geti.

Hapa nitasema ukweli unaonihusu. Sikufanya kitu. Nilikuwa na kazi ya hoteli moja mjini, nilikuwa naondoka kabla hakujapambazuka hata Jumamosi, na nilijiambia watu watamwaga tu, wamezoea. Wengine pia walinung'unika sokoni, wakanyamaza nyumbani. Wapo walioona aibu kweli, hasa waliokuwa na wakwe wapya. Tukaacha. Mtaa uliochimba mtaro bila kibali cha mtu ukanyamazishwa na karatasi yenye mstari.

Wiki ya nne shangazi akanipigia simu.

"Mwanangu, njoo uone. Mgeni wetu kafika."

Nilimkuta amesimama uani na kandambili, fimbo mkononi, akiitazama chemba yake, kile kishimo chenye mfuniko tunachokaguliamo bomba. Mfuniko ulikuwa umeinuka. Maji meusi yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye kamba ya nguo.

Shangazi yangu ana miaka sabini na minne. Ameshona magunia miaka thelathini, vidole vyake vimepinda kama ndoano. Hakujaliwa kuzaa. Mama yangu alipofariki nikiwa na miaka minne, alinichukua akaniweka katika nyumba hiyo hiyo, nikala hapo, nikachapwa hapo, nikaolea hapo. Hana mtoto mwingine, wala mimi sina mama mwingine.

"Shangazi, ingia ndani, harufu itakuumiza."

"Harufu? Hii nimeishi nayo kabla hujazaliwa. Kinachoniumiza ni hiki." Akanipa karatasi mbili.

Asubuhi ile alikuwa amekuja Bwana Afya, ofisa anayekagua nyumba na visima. Kuna mtu alikuwa amepeleka malalamiko. Bwana Afya aliona uchafu ukielea, akaandika: siku saba. Atarudi Alhamisi saa nne asubuhi. Akikuta maji machafu uani, nyumba itafungwa kwa lakiri, isikaliwe na mtu.

"Nikamwuliza, utaifunga na mimi ndani? Akasema mama usinitanie."

"Nani kalalamika?"

"Hakusema. Ila barua aliisahau mezani alipokwenda kunawa. Ndiyo hiyo ya pili."

Niliigeuza. Haikuwa na jina. Kushoto, kutoka juu hadi chini, palikuwa na mstari mweusi.

Sikushangaa sana. Mwezi mmoja kabla, Bwana Geti alimletea shangazi mkate na kumwambia kwamba angependa kupata mahali pa kuegesha magari ya wageni, na kwamba mtu wa umri wake hupumzika vizuri zaidi kwa ndugu. Shangazi alikula mkate, akamwambia ndugu yake, yaani mimi, anaishi nyumba ya nne kutoka hapo na anakoroma.

Nilileta fimbo zangu za kuzibulia, nikaziunga, nikazisukuma kwenye chemba kwa kutwa nzima. Ziligonga kiwiko cha baba na kukataa. Uchafu ulikuwa umeganda, na njia pekee ya kuufikia ilikuwa kuushika kutoka upande wa pili, kwenye chemba inayofuata. Chemba inayofuata ipo chini ya matofali ya Bwana Geti.

Nikaenda kubisha. Alifungua kidirisha kidogo cha geti, nikaona macho na pua.

"Karibu, fundi."

"Asante, ila sioni pa kuingilia. Mwenyekiti, naomba tuinue matofali manne uani kwako. Nitayarudisha mwenyewe, hutajua yapi."

"Kwangu hakuna shida yoyote ya choo."

"Haiwezi kuwepo. Wewe uko chini ya tumbo. Sisi tunaumwa, wewe unapata usingizi."

"Fundi, tuzungumze kama watu wazima. Lile bomba ni kosa tangu mwanzo. Kwa nini tuendelee kulibembeleza? Mama yule amechoka. Mchukue ukae naye, afya yake itakuwa nzuri, mtaa utakuwa mzuri. Mimi simchukii."

"Najua humchukii. Unachukia nyumba yake tu, na yeye yumo ndani."

"Sipendi lugha hiyo."

"Reli yetu je?"

"Ni mali ya kamati." Kidirisha kikafungwa.

Jumamosi nikajaribu kwa simu. Tuna kundi la mtaa kwenye simu, watu wanatuma humo picha za maua na kuuliza nani kaona paka. Niliandika: *Leo saa nne kamili, ndoo mbili kila nyumba, bomba limeziba kwa shangazi.* Kabla sijaweka simu mfukoni ujumbe ulikuwa umefutwa. Niliandika tena. Safari hii nilitolewa mimi. Mwenye kundi ni mwenyekiti.

Hata hivyo waliousoma walimwaga. Lakini kila simu na saa yake. Nyumba tano zilimwaga saa nne kasoro dakika tatu, nyingine saa nne na dakika mbili, kinyozi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi akamwaga saa nne na robo. Nilisimama juu ya chemba ya shangazi nikisikiliza. Ilikuwa kama mtu anayejikohoza bila kutoa kitu. Maji yakapanda kidole kimoja zaidi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," shangazi akasema, "na ndoo moja haimwamshi aliyelala. Waambie kwa mdomo."

Basi nilipita kwa mdomo. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kila jioni baada ya kazi, nyumba kwa nyumba, kama shangazi alivyofanya akiwa msichana. Shida ilikuwa siku. Alhamisi saa nne watu wenye mishahara wako kazini. Wanaobaki ni wastaafu, akina mama wenye watoto wachanga, walinzi wa usiku waliolala, na wapangaji ambao hawajui hata baba yangu alikuwa nani.

Kwenye nyumba ya juu kabisa alinifungulia muuguzi, mpangaji wa chumba kimoja, macho mekundu.

"Dada, samahani kukusumbua. Alhamisi saa nne..."

"Nimesikia. Nitakuwa nimetoka zamu ya usiku saa moja."

"Basi utakuwa umelala, pole, sikujua."

"Nani kasema nitalala? Kaka, mimi nashika mabeseni ya wagonjwa kutwa kucha, ndoo mbili zitanishinda? Ila niambie, nitajuaje ni sasa?"

Hilo swali kila mtu aliniuliza. Nilijibu kwamba tutagonga sufuria ya shangazi, ile kubwa ya shughuli.

Wengine walinifungia mlango. Jamaa mmoja aliniambia yeye haogopi chochote, ila anaomba jina lake lisitajwe. Nikamwambia maji hayana jina, amwage tu. Mwalimu mstaafu alisema atafikiria. Mke wangu alichukua ndoo za wale wanaokwenda kazini, akazigawa kwa wanaobaki, nyumba nyingine zikapata nne, nyingine sita. Jumatano usiku uani kwetu palikuwa na ndoo za kila rangi, zimeandikwa kwa mkaa nani amchukulie nani.

Alhamisi sikwenda kazini. Saa tatu na nusu nilikuwa uani kwa shangazi na spana yangu ya bomba, ile ndefu ya kushika kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamefika ngazi ya mlango wa jikoni. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la kwendea arusini na viatu vya kufunika, amekaa kwenye kiti mlangoni.

"Umevaa hivyo unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Ndiyo maana nimevaa."

Bwana Afya alikuja mapema, saa nne kasoro dakika kumi, na begi lake na kijana wa ofisi aliyebeba lakiri na gundi. Bwana Geti alikuwa nyuma yake, na leso puani. Bwana Afya alitazama uani, akatikisa kichwa. Si mtu katili, niliona alikuwa anatafuta pa kukanyaga.

"Mama, tulikubaliana."

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilikuwa nakusikiliza."

"Hali ni mbaya kuliko wiki iliyopita. Sina njia."

"Saa yako inasema saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa nne kasoro dakika nane."

"Karatasi yako imeandikwa saa nne. Ngoja saa nne."

Bwana Geti akatoa leso. "Dakika nane zitabadilisha nini, fundi? Hiki ni kinyesi, si chai kwamba kitapoa."

"Ngoja saa nne," nikarudia. Bwana Afya aliitazama karatasi yake, akafunga begi. Akangoja. Nitamheshimu kwa hilo.

Mke wangu alikuwa barabarani na sufuria na mchi. Saa nne kamili akagonga. Nilisikia vizuri, maana nilikuwa hatua kumi. Lakini sufuria ina sauti ya sufuria. Muuguzi yuko nyumba ya juu kabisa, na katikati kuna redio, kuna watoto, kuna mashine ya kinyozi. Niliangalia kilimani. Nyumba mbili tatu ziliinua ndoo. Kule juu mwalimu mstaafu alikuwa amesimama kibarazani na mkono sikioni, akinitazama kama mtu anayesema, sasa au bado?

Mke wangu aligonga tena mpaka sufuria ikabonyea. Hakuna.

"Nadhani tumengoja vya kutosha," Bwana Geti akasema. Alimwambia kijana wa ofisi, "Anza na mlango wa mbele."

Shangazi hakusimama. Alishika tu mikono ya kile kiti chake, na vile vidole vilivyopinda vikauma mbao. Hakunitazama. Angenitazama labda ningebembeleza. Hakunitazama, kwa hiyo nilitoka barabarani na spana yangu.

Sikuwa nimepanga. Watu wanasema nilipanga, wananipa akili ambayo sina. Nilikuwa natafuta reli mtini, mkono ulikuwa umezoea, na reli haikuwepo, na nilipogeuka mbele yangu palikuwa na kile kitu kirefu cheusi ambacho kila jioni mtaa mzima hukisikia.

Nikashika spana kwa mikono miwili nikalipiga geti.

Mama wee! Reli ya baba haijawahi kutoa sauti kama ile, hata siku moja. Njiwa waliruka kutoka bomba la moshi la kiwanda. Kilimani kote nikaona migongo inainama. Beba.

"Wewe! Wewe! Unafanya nini?" Bwana Geti alikuwa anakuja mbio, kiatu kimoja kimebaki topeni uani.

Nikapiga la pili. Nakshi ya dhahabu ikadondoka miguuni kwangu. Inua.

"Nitakupeleka mahakamani! Nitakufunga!"

"Nifunge baada ya la tatu," nikamwambia, nikapiga.

Sikuona, nilisikia. Mtaa mzima ulitoa sauti moja, ya maji yanayoachiwa, kutoka nyumba ya muuguzi mpaka kwetu. Halafu kikafuata kimya kidogo, kile ninachokijua tangu utotoni, wakati maji yote yapo njiani. Halafu ikapita chini ya nyayo zangu. Nilirudi uani mbio. Chemba ya shangazi ilijaa kwanza, ikapanda, maji yakavuka ngazi ya jikoni, nikaona Bwana Afya anarudi nyuma, nikajisemea basi, nimeiua nyumba mwenyewe. Kisha tumbo likaachia. Lilitoa mlio ambao sitauandika hapa. Maji yakaanza kuzunguka juu ya chemba, polepole, halafu kwa kasi, yakazama kama yamevutwa na mtu aliyeko chini mwenye hasira. Ua ukajitokeza. Kwanza kandambili moja iliyopotea wiki nzima, kisha saruji.

Shangazi alisimama, akachukua fagio la mlangoni, akaanza kufagia akiwa ndani ya lile gauni lake la kwendea arusini.

"Bwana Afya," akasema bila kuinua kichwa, "kagua."

Bwana Afya aliinama juu ya chemba muda mrefu. Alimulika na tochi. Akauliza ni nini kilichotokea, nikamweleza yote, tumbo, shibiri, kosa la baba yangu, kila kitu. Sikuficha. Alisema hajawahi kusikia upuuzi kama huo katika kazi yake, na kwamba bomba inabidi lichimbwe upya na manispaa.

"Tuliandika ombi kabla hujaanza shule," shangazi akasema. "Wakichimba, nitawapikia mwenyewe. Mpaka siku hiyo tunamwaga."

"Na likiziba tena, mama? Jumamosi je?"

"Jumamosi njoo na ndoo yako."

Kijana wa ofisi akacheka, akaona bosi wake anamtazama, akaacha. Bwana Afya akaandika kwamba saa ya ukaguzi ua ulikuwa hauna maji machafu. Dakika kumi na mbili baada ya saa nne, ukitaka kujua. Akakunja karatasi, akaondoka na lakiri yake.

Jambo moja nimelisahau. Baada ya pigo la tatu, wakati Bwana Geti ananifokea, nyuma ya lile geti ilisikika ndoo ikimwagwa. Na nyingine. Alikuwa mke wake. Maji yake hayakusaidia kitu, wao wako chini ya tumbo, hata mtoto anajua. Lakini alimwaga. Mume wake alisikia kama nilivyosikia, na hapo ndipo alipoacha kufoka.

Hakunipeleka mahakamani. Alibandika tangazo kwamba mali ya mtu isiguswe, na mstari wake pembeni. Sikulibandua. Nilimwambia mbele ya watu pale kwa kinyozi kwamba sitaomba radhi, na kwamba Jumamosi saa nne, reli isipokuwa mtini, mimi na spana tunajua pa kwenda. Kinyozi akazima mashine yake ili wote wasikie vizuri.

Ijumaa jioni niliporudi kutoka kazini nilikuta reli imelazwa mbele ya mlango wangu, imefutwa vumbi, na kamba mpya.

Nilitaka kuitundika pale pale ilipokuwa. Shangazi akakataa. Alinishikia ngazi mwenyewe, akaonyesha kwa fimbo mti wa umeme wa upande wa pili wa barabara, ule unaotazamana na geti na zile alama tatu za spana zilizobonyea kwenye bati jeusi.

"Hapo," akasema. "Juu kidogo. Akifungua kidirisha chake aione."